Nimesoma darasa la maandalizi ya kebin kruu (wahudumu wa ndani ya ndege) hapa Dar, maoni yangu ndo haya

Wadada na wakaka mnaotaka kuomba kazi mashirika ya ndege ya Emirates, Qatar au popote kule Ghuba, naona wengi mnauliza kama hizi klasi za wikiendi zina maana au ni kuliwa hela tu. Mi nimesoma moja iko Sinza na nimemaliza, ada 250,000, unalipa kwa awamu mbili. Jina siliweki kwa sababu nina malalamiko na nimeshayapeleka kwa mwenye ofisi uso kwa uso, nampa nafasi arekebishe.

Kilichonifanya nione hela imefanya kazi ni mwalimu. Ni dada aliyeruka miaka mingi na shirika moja la huko akarudi nyumbani kulea, tunamwita Madam, na huyu hafundishi kwa kusoma makaratasi. Siku ya kwanza kabla hata hatujafahamiana alibandika utepe ukutani kwenye sentimita 212 akasema vueni viatu mje mguse mmoja mmoja. Unasimama kwa ncha za vidole vya miguu, unanyoosha mkono, huruhusiwi kuruka. Emirates na Qatar wote wanataka hiyo 212, na Emirates wanataka pia urefu wako usipungue sentimita 160. Watu wanadhani ni mambo ya urembo kumbe hapana, kuna vifaa vya dharura vinakaa kwenye makabati ya juu ya viti na lazima uvifikie mwenyewe. Kuna binti alikuwa anakosa kama upana wa kidole hivi, Madam akamwambia usinyooshe mkono tu, shusha pumzi, pandisha bega lote, macho juu. Akagusa! Darasa zima tukapiga makofi. Sa fikiria angeenda kuhangaika na hilo siku ya usaili mbele ya watu asiowajua.

Alafu kuna mazoezi ya kundi, hapa ndo utamu wenyewe na hiki kitu huwezi kujifunza peke yako na simu. Mnapewa kisa: hoteli imejaa, vimebaki vyumba vitatu na wageni ni wengi, kuna mjamzito, mzee na mjukuu wake, maharusi, daktari mwenye opareshini asubuhi, mna dakika chache muamue nani alale na nani aambiwe pole. Watu mnaanza vizuri kisha sauti zinapanda. Kaka mmoja ana Kiingereza kizuri kweli kweli, akashika usukani wa mazungumzo mwanzo mwisho, sote tukajua huyu kapita. Madam alikuwa pembeni anaandika tu nani kamkata nani, mwishoni akamwambia "kaka yangu, wewe ningekutoa wa kwanza, kuna dada hapo kajaribu kuongea mara tatu hujamwona." Akatueleza kwamba kwenye shirika kubwa vile, kila safari unapangwa na wenzako ambao wengi hujawahi kuonana nao, mnakutana kwenye brifingi, kikao kifupi cha kabla ya safari, kisha mnapanda ndege, kwa hiyo wasaili wanatafuta mtu wa kufanya kazi na wageni kama ndugu zake. Yani tangu siku hiyo hata kazini kwangu kaunta nasikiliza watu tofauti.

Na usalama anausisitiza sana, namshukuru kwa hilo. Ndege ya abiria ili ipate kibali lazima ithibitike watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki, na anayewatoa ni huyo huyo aliyekumiminia juisi. Tuna mwenzetu nesi, ndugu zake walikuwa wanamkatisha tamaa kwamba anatupa taaluma yake, Madam akamwambia mwanamke wa kwanza kufanya hii kazi, Ellen Church wa Marekani mwaka 1930, alikuwa nesi. Yule dada alinyanyua kichwa jamani.

Sasa malalamiko. Jumamosi nzima iliisha kwenye mekapu na kufunga nywele wakati watu bado wanababaika kujieleza kwa Kiingereza, hilo sikulipenda kabisa. Zito zaidi ni pale mapokezi, kuna kijana anawaita watu pembeni anawaambia ongeza 400,000 tukupe koneksheni ya usaili. Msitoe! Emirates hawatozi hela kuomba kazi, unajaza fomu mwenyewe kwenye tovuti yao, na ukipata wanakufundisha wenyewe Dubai. Kuna binti kauza cherehani ya mama yake kulipa hiyo hela, mpaka naandika hajaitwa popote na imeniuma sana.

Na cheti wanachokupa mwishoni, kina picha ya ndege na muhuri mkubwa, kiweke tu nyumbani. Kule Ghuba wanachoangalia ni umri usiopungua miaka 21, elimu ya sekondari, Kiingereza, mwili usio na tatuu inayoonekana ukivaa yunifomu, na Emirates wanataka uwe umehudumia wateja angalau mwaka mmoja. Kwa mashirika ya hapa nyumbani mambo mengine, tangazo likitoka mara nyingi wanataka mafunzo ya chuo kinachotambuliwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), kama NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na hiki cha Sinza sio hicho. Ofisi ingewaambia watu hivyo kabla ya kupokea ada.

Kwa hiyo kama Kiingereza unacho na umeshawahi kufanya usaili wa makundi, baki na hela yako, pima 212 ukutani kwenu uombe leo. Kama ni mwoga wa kuongea mbele za watu, nenda, Madam atakutoa huo woga. Nawapa nyota tatu kati ya tano na zote tatu ni za kwake. Ukienda chagua kundi la asubuhi, ndo analofundisha yeye mwenyewe, la jioni wanampa mtu mwingine, na hela ulipe ofisini udai risiti, sio kwa yule kijana wa mapokezi.