Kuhamisha mikanda ya kamera ya zamani kwenye kompyuta: vifaa viwili nilivyovijaribu

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na mikanda 14 ya kamera ya video, iliyokaa miaka mingi ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Kumi ni ya milimita 8, yaani Video8 na Hi8, ambayo huhifadhi picha kwa mfumo wa analogia, na kamera yake ilikwisha kufa zamani. Minne iliyobaki ni MiniDV, ambayo ni ya dijitali tangu inaporekodiwa, na kamera yake, ambayo shemeji yangu aliileta kutoka Muscat, bado inafanya kazi. Tofauti hiyo ya mikanda sikuitilia maanani mwanzoni, na ndiyo iliyonifanya niirudie kazi yote.

Nilianza na kile kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, kisicho na jina la maana, nilichokinunua kwa shilingi 40,000. Upande mmoja kina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe kwa ajili ya picha na sauti, na upande wa pili huchomekwa kwenye kompyuta. Kwa mikanda ya milimita 8 niliazima kamera ya jirani. Kwa dakika za mwanzo nilifurahi, kwa sababu picha ilikuwa ya kuridhisha. Lakini kadiri mkanda ulivyosonga ndivyo sauti ilivyoachana na picha, hata mwishoni mwa mkanda wa dakika 90 shekhe alikuwa amekwisha kufunga mdomo na dua bado inasikika. Kila palipokuwa na chenga nyingi, kifaa kilipoteza mawimbi na kuweka skrini ya buluu mahali pa picha. Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu mwenyewe: niliipitisha humo hata ile mikanda ya MiniDV, nikaigeuza picha ya dijitali kuwa analogia kisha dijitali tena, na kila mgeuzo ukala sehemu ya ubora wake.

Mara ya pili nilinunua kadi ya FireWire, yaani njia ya waya ya kuhamisha data ya dijitali kutoka kamera hadi kompyuta, ya kuweka kwenye kompyuta ya mezani, waya wake, na kamera ya mtumba ya Sony ya aina ya Digital8. Aina hiyo ilitoka mwaka 1999, na nyingi kati ya kamera hizo husoma mikanda ya Video8 na Hi8, zikaigeuza zenyewe kuwa dijitali na kuitoa kupitia tundu ambalo Sony waliliita i.LINK, nalo ni FireWire hiyo hiyo. Nimesema nyingi, si zote, kwa hiyo nenda na mkanda wako wa zamani, uuchezeshe mbele ya muuzaji kabla hujatoa fedha. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliniapia kwamba yake inasoma kila kitu. Tulipoweka mkanda, ilionyesha skrini tupu.

Kuifanya Windows iitambue kadi kulinichukua jioni nzima, hadi nilipoweka programu endeshi ya toleo la zamani. Wenye kompyuta za Apple wachunguze kwanza, kwa maana macOS 26, iliyotoka mwaka 2025, imeiondoa kabisa FireWire. Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa utulivu. Nilitumia WinDV, programu ndogo ya bure ambayo haiichakati picha bali huinakili data kama inavyotoka kwenye kamera. Saa moja ya mkanda hula takribani gigabaiti 13, na huchukua saa moja kamili kuingia, maana mkanda hauna njia ya mkato.

Raha niliyoipata kwenye MiniDV sikuitarajia. Mkanda huo huhifadhi tarehe na saa ya kila tukio hata kama havionekani kwenye picha, na WinDV huviweka katika jina la faili, hivyo nilizipata sherehe zetu zimekwisha kupangika. Kasoro ni kwamba kamera iliendelea kufuata saa za Muscat, na nikaha iliyofungwa saa kumi alasiri imeandikwa saa kumi na moja.

Hewa ya pwani nayo ilikuwa na lake. Mikanda miwili ya Hi8 imeota ukungu mweupe unaoonekana kupitia kidirisha cha kaseti, na sikuiingiza kwenye kamera, kwa sababu ukungu huchafua hedi, yaani kichwa cha kamera kinachosoma mkanda, na kuhamia kwenye mikanda mizima. Hiyo nimeitenga kwenye mfuko wake mpaka nipate fundi wa kuisafisha. Mingine niliipeleka mbele na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kuicheza, ili ilegee baada ya kulala muda mrefu.

Kwa gharama, njia ya pili ilinila mara sita ya ile ya kwanza, na kwa mtu mwenye mkanda mmoja wa analogia sioni haja yake. Kifaa cha USB kitamtosha, ilimradi arekodi vipande vifupi ili sauti isipate nafasi ya kukimbia. Mwenye MiniDV asikiguse. Shemeji amekwisha kusikia habari hizi, na sasa anataka kuiazima Digital8 kwa ajili ya mikanda ya kwao. Nimemwambia ailete mikanda hapa.