Pattachitra ya Raghurajpur: uzoefu wangu wa kununua

Nasoma Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo la Odisha nchini India, na kila anayekuja kututembelea huniuliza abebe zawadi gani. Siku hizi nawaambia pattachitra, zile picha za hadithi za miungu ya Kihindu zinazochorwa juu ya kitambaa. Ila usiharakishe kununua Puri, mji wa pwani wenye hekalu maarufu la mungu Jagannath. Duka moja walinihakikishia kuwa ni kazi ya mkono. Nilipoisogeza kwenye mwanga nikaona vidoti vya mashine ya kuchapia. Chukua bajaji uende Raghurajpur, kijiji cha wachoraji jirani na Puri.

Huko kuta za nyumba zenyewe zimechorwa. Mzee aliyeniuzia alinionyesha kazi tangu mwanzo. Vitambaa vya pamba hugandishwa pamoja kwa gundi ya mbegu za ukwaju, vikapakwa unga wa chaki, kisha vikasuguliwa kwa jiwe mpaka viteleze. Rangi nyeupe hutoka kwenye magamba ya konokono wa baharini, nyeusi ni masizi ya taa. Pindo huchorwa kwanza, picha yenyewe baadaye.

Nilichagua picha ya hadithi ya safari ya Kanchi, ufalme wa kusini. Jagannath na kaka yake Balabhadra wamepanda farasi, mmoja mweupe na mwingine mweusi, wanakwenda kumsaidia mfalme wa Odisha, Purushottama Deva, vitani. Njiani wanashikwa na kiu, wanakunywa mtindi wa mama mmoja aitwaye Manika. Pesa hawana! Wanamwachia pete akamdai mfalme. Uso wa yule mama, na ndoo yake kichwani, ndio ulionifanya nifungue pochi.

Usidhani ni vitu vya watalii tu. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya magari ya Puri, ambapo miungu huvutwa barabarani kwa magari ya mbao, sanamu za hekaluni huogeshwa, husemwa zimeshikwa na homa, zikafichwa kama wiki mbili. Wakati huo waumini huabudu picha za kitambaa zilizochorwa na mafundi kama hawa.

Nililipa rupia 2,800 baada ya kubembelezana kidogo, na sijutii. Kasoro ni moja: haikunjiki, maana ile chaki ya chini hupasuka. Omba bomba gumu la kuiviringishia. Mimi ilibidi nilitafute mwenyewe. Kama begi lako ni dogo, waulize zile zinazochongwa kwenye majani ya mvumo. Zimeshonwa pamoja kwa uzi, hivyo hujikunja zenyewe bila kuharibika, na za saizi ndogo bei yake ni nafuu.