Kushuka Elgeyo kwa baiskeli wikendi moja: uzoefu wangu

Ukiwa na wikendi moja tu, na unataka kushuka mlima kwa baiskeli kwenye njia ambazo hakuna aliyezichonga kwa ajili ya baiskeli, usizunguke sana. Nenda Iten, mji ulio juu ya ukingo wa Elgeyo kule Bonde la Ufa. Mimi naishi Kisumu, Riat nimeishuka hadi mawe yake nayajua, Nakuru nako nimejaribu, na bado nasema hivyo. Wala sababu si urefu wa ukingo huo. Sababu ni kwamba ukifika chini, kuna matatu za kukurudisha juu.

Watu wakitafuta mteremko huuliza una urefu gani na una ukali gani. Mimi siku hizi naanza na swali la kurudi: nitapanda na nini? Mwenye mwezi mzima wa likizo hana haja ya kujiuliza. Lakini mtu aliyetoka kazini Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi anatakiwa ofisini, akishuka kwa muda wa saa moja kisha asukume baiskeli kupanda kwa saa tatu, siku yake imekwisha, na kesho yake miguu haitamsikiliza.

Za karibu na nyumbani nizipitie haraka. Riat iko juu tu ya mji wa Kisumu, upande wa barabara ya Kakamega, na kwa jioni ya baada ya kazi inatosha: unapanda kwa lami, unashuka kwa vijia katikati ya mawe na mashamba, ziwa likiwa mbele yako. Kikwazo ni nyumba. Zinaongezeka, na kijia ulichopita mwaka jana leo kimezibwa na ukuta. Vilima vya Maragoli vina mawe makubwa ya kupendeza macho, ila kila ukishika kasi unajikuta umeingia boma la mtu. Utasalimia watu kuliko utakavyoshuka. Si jambo baya, lakini silo ulilokuja kulifanya. Ukingo wa Nandi, ule unaotazama uwanda wa Kano, ndio ningeupa nafasi ya pili. Una ukali, una mandhari, na kutoka Kisumu ni karibu. Ubaya wake ni kwamba ukichagua kijia vibaya unaishia katikati ya miwa ya upande wa Chemelil, na chombo pekee unachokutana nacho ni trekta.

Nakuru ina Menengai. Ukingo wake unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na shimo lenyewe lina kama kilomita 12 kwa 8, kwa hiyo ukilitazama kwenye ramani mate yanakutoka. Punguza tamaa. Ndani kumejaa lava iliyoganda inayokata tairi kama wembe, na tangu 2011 kuna uchimbaji wa mvuke wa GDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, hivyo barabara za huko ni za malori na mitambo. Upande wa nje, kupitia msituni kurudi mjini, ni mtamu lakini mfupi. Kiangazi ule udongo wa majivu ya volkano unakuwa unga mtupu na gurudumu la mbele linatafuta njia yake lenyewe. Kwa mtu anayepitia Nakuru akielekea kwingine, ni asubuhi moja nzuri, basi. Kuna pia watakaokutuma Hell's Gate kule Naivasha, kwa kuwa ni mojawapo ya hifadhi chache za KWS, shirika la wanyamapori, ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Nenda, utafurahi. Lakini sehemu kubwa ya njia ni tambarare, unaenda kutazama wanyama.

Sasa Elgeyo. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi, na Bonde la Kerio liko chini yake kwa zaidi ya mita elfu moja. Nilianza kutafuta njia kwa simu, kama kila mtu. Kuna programu za kurekodi mazoezi zinazoonyesha ramani yenye mistari inayong'aa pale watu wanapopita kwa wingi. Kwingine ni msaada mkubwa. Iten ramani hiyo inakupoteza. Mji wote unawaka kwa sababu ya wanariadha, kila barabara ya murram huko juu imewaka, na ukingo wenyewe uko gizani. Wakimbiaji mazoezi yao mengi ni ya juu. Wanaoshuka na kupanda ukingo kila siku ni wanafunzi, wachungaji na akina mama wenye magunia ya maembe, na hao hawana haja ya kurekodi safari zao popote.

Kontua nazo, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, uzisome kwa tahadhari. Ramani nyingi za bure hutegemea vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu cha Marekani Februari 2000, nukta moja kila baada ya mita 30 hivi. Katikati ya nukta mbili, genge la mita kumi linajificha bila shida. Na Elgeyo ina magenge. Juu kabisa kuna tabaka la lava ngumu, wanajiolojia huiita fonolaiti, limekatika wima. Chini yake kuna miamba ya kale zaidi iliyolala kwa mteremko ambao mtu anaweza kuupanda. Simu inakuchorea mstari laini kutoka juu hadi chini. Ukiufuata unafika ukingoni na kuwatazama mwewe migongoni.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni mwanya, mahali pale lava ilipovunjika na watu wakapata pa kupita. Na mwanya unajulikana na wanaoutumia.

Hapo ndipo huduma niliyolipia ilipojionyesha thamani. Nilikodi baiskeli, helmeti na mwongozaji wa kutwa kutoka kwa wafanyabiashara wadogo wa huko juu. Mwongozaji ni kijana wa upande wa Tambach, aliyekuwa akishuka kwa nyanya yake kila shule zikifungwa. Kabla hata hajagusa baiskeli aliniuliza:

"Unataka njia ya gari, ya mbuzi, au ya punda?"

"Tofauti yake ni nini?"

"Ya gari utasinzia. Ya mbuzi utabeba baiskeli begani. Ya punda utaendesha."

Sijapata ushauri bora kuliko huo kutoka kwa yeyote anayeuza vifaa vya baiskeli. Punda aliyebeba magunia hapiti penye ngazi ya mwamba inayozidi goti, na hapandi wima. Njia yake inakata kona, ni pana kiasi cha mabega na mzigo, na kwa kuwa inapitwa kila siku, haijafungwa na vichaka. Tangu hapo, popote ninapokwenda, siulizi tena "njia nzuri ya baiskeli iko wapi", maana utaelekezwa kwenye lami. Nauliza punda wanapita wapi.

Tulianza asubuhi, jua likiwa bado halijachoma. Sehemu ya juu tulishuka kwa miguu, baiskeli mkononi, kwenye ngazi za jiwe jeusi. Wapo wanaoweza kuziendesha. Mimi nina watoto. Baada ya hapo njia ilifunguka na kona zikaanza, moja baada ya nyingine, kila moja na tabia yake: nyingine ina mzizi katikati, nyingine imemwagika kokoto nyeupe kwenye ukingo wa nje, nyingine inageuka ghafla kukwepa mti ambao yaonekana hakuna aliyewahi kufikiria kuukata. Kona za kuchongwa ukishajua moja umezijua zote. Hizi huwezi kuzizoea, na ndiyo raha yake.

Katikati ya ukingo kuna ubapa wenye mashamba na nyumba. Hapo mwongozaji alinisimamisha na kuniambia nishuke kwa mwendo wa mtu, si kwa mwendo wa baiskeli. Njia si yetu. Anayepanda na mzigo anapita kwanza, wewe unasimama pembeni upande wa bonde, unasalimia. Kila tuliyekutana naye alimsalimia kijana kwa Kikalenjin, "Chamgei," naye akaitikia. Bibi mmoja aliyekuwa na kuni mgongoni aliizunguka baiskeli yangu akiikagua.

"Chamgei, kogo," kijana akamwamkia, yaani hujambo, nyanya.

Bibi aliitikia, kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Hii haina keria. Sasa inabeba nini?"

Nikamwambia inanibeba mimi. Akacheka, akasema mimi nina miguu.

Chini ya ubapa ule udongo unabadilika. Mawe meusi yanakwisha, unaingia kwenye changarawe inayoteleza, na kadiri unavyoshuka ndivyo migunga inavyoanza kukukaribia. Joto nalo. Hewa hupata kama nyuzi sita au saba kwa kila mita elfu unazoshuka, na huko chini, Soi kama wenyeji wanavyoiita, hakuna upepo wa Iten. Jaketi uliloondoka nalo linakuwa mzigo. Beba maji zaidi ya unavyodhani, hata kama unashuka tu.

Kuhusu baiskeli yenyewe nina la kusema. Ilikuwa ya springi za mbele pekee, na kwa njia hizi inatosha kabisa; yenye springi mbele na nyuma ni starehe, si lazima. Kitu kisicho na mjadala ni breki. Mteremko wa mita elfu moja unapasha breki moto hadi zinapoteza nguvu, hasa zile za mpira unaobana rimu. Dai za diski, na uzitazame pedi kabla hujaondoka. Za nyuma kwenye baiskeli niliyopewa zilikuwa zimebaki kama karatasi. Niliomba zibadilishwe, wakanung'unika, wakabadilisha, lakini mteja asiyejua angeondoka nazo. Njiani usiburute breki muda wote. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia, kisha pumzika pale kwenye ubapa zipoe, wewe ukinywa chai. Tairi uzipunguze upepo kidogo ili zishike changarawe, na ubebe tyubu za akiba na viraka, kwa sababu miiba ya migunga haichagui.

Tulitokea karibu na Biretwo, barabara ya lami itokayo Kabarnet kupitia Tambach hadi Iten na Eldoret. Matatu zinapita hapo, zina keria juu, na makanga wamezoea kupakia kila kitu, hivyo baiskeli haiwashangazi. Toa gurudumu la mbele, ifunge mwenyewe kwa mpira wa tyubu kuukuu, na mkubaliane nauli ya baiskeli kabla haijapanda, si baada ya kufika. Jioni magari hujaa, kwa hiyo ukitaka kushuka tena siku hiyohiyo, uwe umefika barabarani kabla ya saa sita. Mimi nilishuka tena mchana. Hiyo ndiyo tofauti na kwingine kote nilikotaja: siku moja, miteremko miwili mirefu, na bado unakula chakula cha jioni juu penye baridi.

Mwenye nguvu za ziada anaweza kuendelea kwa lami upande wa Kabarnet hadi korongo la Cheploch, ambako vijana hujirusha mtoni kutoka juu ya genge watalii wakilipa kutazama. Mto una mamba. Tazama tu.

Msimu uuchague vizuri. Desemba hadi Februari njia ni kavu na maembe yanaanza kushuka bei. Mvua ya masika ikianza, achana na mpango, na Julai na Agosti huko juu mvua inaweza kurudi. Hapa nasema kuhusu usalama zaidi ya utelezi: Novemba 2025 maporomoko ya ardhi ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, yaliua watu na kufagia nyumba. Ni ukingo huohuo, upande wa kaskazini zaidi. Na kuhusu kaskazini, njia za huko zinavutia sana kwenye ramani, lakini wizi wa mifugo na bunduki viliifanya serikali itume jeshi Kaskazini mwa Bonde la Ufa Februari 2023. Usiende kwa kuangalia ramani. Uliza wenyeji hali ikoje wiki hiyo, na kama safari ni fupi, baki upande wa Iten na Tambach, kuna vijia vingi kuliko utakavyomaliza.

Pikapu ya kurudishia wateja juu walinitajia, kwa bei ambayo ingelipa nauli ya watu wengi, nami sikuikodi. Kwa kikundi cha watu watano au sita wenye baiskeli za bei, hapo ina maana, kwa sababu keria moja haitawatosha. Mwongozaji nampa nyota tano na ningempa ya sita. Baiskeli nyota tatu, kwa ajili ya zile pedi. Kama una yako yenye diski, ibebe kutoka nyumbani na umlipe kijana peke yake. Mimi nikirudi ndivyo nitakavyofanya.