Kifaa cha kusikia kwa mtoto wa shule: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya kusikia, jambo la kwanza utakalotajiwa ni chaneli, yaani vipande ambavyo kifaa hugawia sauti ili kila kimoja kirekebishwe peke yake: hiki kina 8, kile 16, kile cha bei ya juu zaidi ya hapo. Kwa mtoto anayesoma na wenzake sitini chini ya paa la bati, anza na swali jingine. Maikrofoni iko umbali gani na mdomo wa mwalimu?

Sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Anayekaa mita 4 kutoka kwa mwalimu anapata sauti iliyopungua desibeli 12 kuliko aliye mita 1, huku madawati yanayoburutwa na mvua ya juu ya bati vikimfikia bila kupungua. Kifaa hukuza vyote kwa pamoja. Mtu mzima akikosa neno hulibahatisha kwa lugha anayoijua. Mtoto ndiyo kwanza anaijenga lugha hiyo. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele za darasa kwa desibeli 15.

Nafasi ya 1: jozi ya vifaa vya kuvaa nyuma ya sikio pamoja na maikrofoni ya mwalimu. Mwalimu huivaa shingoni au huibana kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, na sauti yake hurushwa bila waya moja kwa moja hadi kwenye vifaa vya mtoto. Kwenye kelele, hakuna kinachoikaribia. Kabla ya kununua, uliza kama kipokezi, kile kinachonasa sauti ya maikrofoni, kimo ndani ya kifaa au kinauzwa peke yake, maana hapo ndipo bei huruka. Kaa na mwalimu pia. Aizime akitoka darasani, la sivyo mtoto atasikia maongezi yote ya ofisi ya walimu, na ampe mwanafunzi anayejibu swali aishike.

Nafasi ya 2: jozi hiyohiyo bila maikrofoni, lakini yenye uwezo wa kuongezewa baadaye. Teknolojia ya kuelekeza usikivu mbele husaidia msemaji akiwa karibu na mtoto akimtazama. Mtoto mdogo hatazami hivyo. Maneno mengi huyadaka wakubwa wakizungumza pembeni. Kwake, mwombe mtaalamu asiiwashe muda wote. Na kama masikio yote mawili yana tatizo, jozi ya bei ya kati inashinda kifaa kimoja cha kifahari.

Nafasi ya 3: kifaa cha mtetemo wa mfupa, kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa badala ya tundu la sikio, kikivaliwa kwenye mkanda wa kichwani. Kwa wengi hakihitajiki. Kwa mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha mara kwa mara, au aliyezaliwa tundu la sikio likiwa limeziba, mara nyingi hiki ndicho cha kwanza.

Nafasi ya 4: vya kuingia ndani ya sikio. Havionekani, na vijana huvipenda kwa hilo. Ila sikio linakua, na likikua, ganda zima hutengenezwa upya. Kwa kile cha nyuma ya sikio unabadilisha plagi ya silikoni tu.

Usinunue: vikuza sauti vya bei poa vya mtandaoni. Hukuza kila kitu bila kufuata kipimo cha mtoto. Hata Marekani, iliyoruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa bila cheti cha daktari tangu Oktoba 2022, ruhusa hiyo ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji: utapima sauti ndani ya sikio la mwanangu, kwa mrija mwembamba wa maikrofoni? Tundu dogo huifanya sauti ileile iwe kali zaidi kuliko kwa mtu mzima. Akikujibu kompyuta inajipanga yenyewe, tafuta kwingine.

Kwa wakazi wa Pwani, nunua na kopo la kukaushia; jasho na unyevu huua vifaa hivi mapema. Betri za zinki-hewa (saizi 13 ina kibandiko cha chungwa, 675 cha buluu) huanza kuisha ukishabandua kibandiko, hata usipozitumia. Kwa mtoto mdogo, dai mlango wa betri wenye kufuli: betri iliyomezwa ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.