Kabla hujanunua kitabu cha hadithi za kale, tazama picha zimekaa wapi

Usiku wa tatu tangu kitabu kile kiingie nyumbani, nilikuwa nasoma kisa cha chura na binti mfalme. Nimefika pale binti anapomnyanyua chura kwa vidole viwili, uso kaukunja, anampandisha chumbani. Sauti nimeishusha. Binti wa kaka yangu, wa miaka sita, kajikunyata ubavuni mwangu. Ndipo akaniambia kwa upole, kama anayenificha aibu: "Shangazi, huyo si chura. Ni mwana wa mfalme. Tazama." Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kulia. Kweli, huyo hapo, ukurasa mzima, joho la buluu, nywele zimechanwa. Mimi bado niko ukurasa wa kushoto, mstari wa nne, na chura wangu bado analoa maji.

Kitabu kilikuwa cha ghali. Jalada gumu, herufi za dhahabu, karatasi nene. Kabla ya kulipa nilikuwa nimekagua kila kitu ambacho watu hukagua, ila hicho. Kesho yake nikakipitia chote, penseli mkononi, nikiweka alama kila mahali picha ilipotangulia maneno. Zaidi ya nusu ya visa vilikuwa vimeharibiwa namna hiyo. Zimwi linaonekana kabla halijabisha hodi. Mlango uliokatazwa uko wazi kwenye picha, huku kwenye maandishi mume hajamaliza hata kuukataza.

Basi mwongozo huu una kigezo kimoja. Umri, ukubwa wa herufi na mafunzo yaliyomo mtasoma kwingine. Mimi nauliza tu: je, kitabu kinaweza kutunza siri yake hadi nifike?

Msidhani nakuza jambo dogo. Mtoto asiyejua kusoma husoma picha, na huzisoma upesi kuliko wewe unavyosoma maneno. Kurasa mbili zikifunguka tu, macho yake yameshakwenda kulia. Mkumbukeni Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela: uhai wake wote ulining'inia kwenye kukatiza kisa alfajiri ikiingia, mfalme abaki na hamu. Angekuwa anasoma kitabu changu cha herufi za dhahabu, mfalme angechungulia ukurasa wa kulia na habari ingeishia usiku wa kwanza.

Zamani kulikuwa na udhuru. Picha za rangi zilichapwa peke yake, kwenye karatasi laini inayong'aa, kisha zikabandikwa ndani ya kitabu. Toleo la hadithi za ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya ngano, alilolichora Mwingereza Arthur Rackham mwaka 1909 lina picha 40 za namna hiyo, na fundi alizibandika pale kazi yake iliporuhusu. Leo rangi na maneno huchapwa pamoja, kwa hiyo udhuru umekwisha. Kilichobaki ni mazoea ya mpangaji wa kurasa: maneno kushoto, picha kulia, kila kitu kilingane. Na mchoraji naye huchagua tukio linalosisimua zaidi, ambalo ndilo hasa lililopaswa kufichwa.

(Najua, ndugu Grimm wenyewe hawakuwa na siri. Kisa cha kijitu ambaye jina lake halijulikani, na hatima ya mtoto inategemea jina hilo, wamekipa jina la huyohuyo kijitu. Mimi husoma kisa bila kutaja kichwa chake.)

Sasa orodha.

Nafasi ya kwanza nawapa Everyman's Library, ule mfululizo wao wa watoto, hasa Grimm na Andersen, mtunzi wa hadithi wa Denmark. Upendeleo wangu siufichi. Everyman's Library ilianzishwa London mwaka 1906, na vitabu vyake vya jalada gumu bado vinashonwa kwa uzi. Mtauliza uzi unahusiana nini na chura. Kitabu kilichoshonwa hulala wazi mezani au mapajani bila kushikwa. Kilichogandishwa kwa gundi tu kinataka mikono miwili, ukilegeza kidogo kinajifunga, ukikilazimisha mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kuhama moja moja. Kikilala wazi, mkono mmoja unabaki huru, na mkono huo ndio unaofunika picha. Nina kipande cha kadibodi nilichokikata kwa ukubwa wa ukurasa. Kinakaa upande wa kulia hadi wakati wake ufike, kisha nakivuta polepole. Binti yetu sasa hukidai mwenyewe: "Shangazi, funika."

Ndiyo, vitabu hivyo ni vya Kiingereza. Mimi hupitisha macho kwenye aya, kisha naisimulia kwa Kiswahili, na hapo napata faida nyingine: naweza kuchelewesha ninachotaka kuchelewesha. Ndiyo, navyo vina picha, na sidai kwamba kila picha imekaa mahali pake. Nawasamehe. Wanachapa Grimm na Andersen kama watu wanaojua kwamba kitabu cha hadithi hufunguliwa mara mia tatu, si mara tatu.

Nafasi ya pili, ambayo kwa haki ingekuwa ya kwanza (lakini orodha ni yangu), ni kitabu chembamba chenye kisa kimoja tu. Vingi vina kurasa 32. Sababu ni ya kiwandani: karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, mbili zinatoa 32. Mwandishi na mchoraji wanaojua kazi yao hupanga kisa kwa kufuata kurasa hizo, mshangao ukikaa nyuma ya ukurasa wa kugeuza. Swali linaulizwa chini ya ukurasa wa kulia, unageuza, zimwi hilo. Ukipata kilichopangwa hivyo, kinunue bila kubishana. Ubaya wake ni kwamba kisa ni kimoja, na mtoto anataka kumi.

Ukichagua cha aina hii, fanya jaribio dogo. Chukua kisa unachokijua tangu utotoni. Tafuta sentensi ambayo siri inafichuka. Sasa angalia picha ya siri hiyo: iko nyuma ya ukurasa, au imekaa mbele ya macho wakati maneno bado yanajikongoja? Kama imekaa mbele, kirudishe kwenye rafu, hata kama picha ni nzuri. Hasa kama ni nzuri.

Tatu, vitabu visivyo na picha kabisa. Watu huviogopa kwa ajili ya watoto, nami nilikuwa hivyo, lakini kitabu kisicho na picha hakiwezi kusema siri ya mtu. Mkusanyiko wa mmisionari Mwingereza Edward Steere uliochapwa London mwaka 1870, wenye ngano alizosimuliwa Zanzibar, una Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Mle kuna kisa cha paa na Sultani Darai. Paa anamtoa maskini jalalani, anampa jina, nyumba na mke, kisha analipwa kwa namna ambayo mtoto hawezi kuibashiri, na ukifika hapo chumba kinanyamaza. Ni lugha iliyotoka mdomoni mwa msimulizi, kwa hiyo inarudi mdomoni bila shida. Tahajia ni ya kale, lakini msikilizaji haoni tahajia.

Hapa ndipo nina ugomvi na wauzaji. Vitabu vya umri huo havina tena haki miliki, mtu yeyote anaweza kuvichapa, na mtu yeyote kweli anavichapa. Nakala ya zamani inapigwa picha upesi upesi, mistari imepinda, mahali pengine kidole cha aliyepiga kimeingia ukurasani, kisha inavalishwa jalada jipya lenye binti mfalme wa kompyuta, na bei inapandishwa kuliko kitabu kipya cha maana. Jina la aliyekusanya halimo. Mwaka haumo. Kabla ya kulipia kitabu cha aina hiyo, tafuta kama maandishi yenyewe hayapatikani bure kwenye intaneti, maana mara nyingi yapo, na yanasomeka kuliko hiyo nakala ya kidole.

Nne, mikusanyiko mikubwa ya zawadi, yenye visa vingi na rangi kila ukurasa. Hicho changu ni cha ukoo huo. Vinapendeza vikiwa vimefungwa. Mara nyingi visa vimekatwakatwa ili vitoshe kurasa mbili mbili, na ukishabana kisa kwenye kurasa mbili zinazoonekana kwa pamoja, mwanzo na mwisho vinakaa uso kwa uso, hakuna cha kugeuza. Kwa Grimm chura hageuki kwa busu, hubamizwa ukutani kwa hasira. Kitabu changu kimeondoa ukuta, kimeweka busu, na hata hilo busu kimelichora mapema.

Vya bei ya chini, vya pini mbili katikati: vingine vizuri, vingi hapana. Kwa bure kuna African Storybook, hadithi fupi za kusomea kwenye simu, za Kiswahili zikiwemo. Yatosha.

Kununua bila kukishika kitabu ndiko kugumu zaidi. Kurasa za kuonjesha huwa ni za mwanzo, ambako siri yoyote haijafika. Vingine vimefungwa nailoni, nawe unaambiwa ukiifungua umenunua. Na lile andiko la "miaka 3 hadi 12", sijui nani hulipima. Omba picha ya kurasa mbili za katikati, taja na kisa unachotaka kukiona.

Nilimwomba muuzaji mmoja hivyo wiki iliyopita, kisa kilekile cha chura. Akanitumia jalada la mbele. Nikamweleza tena, taratibu, akanitumia jalada la nyuma. Mara ya tatu akaniuliza kama ninanunua kitabu au ninanunua picha.