Ubao wa jibini wa laki na themanini, na nguruwe katikati

Niliwaandikia hawa wauza jibini kwenye WhatsApp, tena kwa herufi kubwa: NGURUWE ASIWEPO. Wakajibu, "Sawa dada, tumekupata." Ubao ulipofika, salami ya nguruwe, ile soseji kavu ya kukatwa vipande vyembamba, ilikuwa katikati kabisa, imekunjwakunjwa mfano wa waridi, mafuta yake mekundu yameshachuruzika hadi kwenye brie, ile jibini laini. Ganda jeupe la brie lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa upande mzima.

Nieleze vizuri, maana najua wengi hapa Dar wanalitamani duka hili kwa picha zake. Tulikuwa tunamuaga Mholanzi anayefanya kazi na mume wangu, tukaona tumwandalie kitu cha kwao, na wakwe zangu wawepo. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, sala tano hazimpiti. Ndiyo maana niliagiza mapema na kuuliza kila kitu, hadi habari ya kimeng'enya cha kugandishia maziwa. Kile cha asili hutoka tumboni mwa ndama, na Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Kitaliano, kwa kanuni zake haitengenezwi bila hicho cha ndama. Huyo ndama kachinjwaje? Wako wasiojali, wako wanaojali sana, na mwenye nyumba ndiye wa kuuliza. Nikasema hiyo ya Kitaliano tuiache. Niletewe gouda, cheddar, brie na jibini ya bluu, zote za kimeng'enya kisichotokana na mnyama. Wakakubali. Nikalipa laki na themanini yote kabla hawajaanza hata kukata.

Basi nikapiga simu. Akapokea dada mmoja, nikamweleza. Akasema, "Itoe tu hiyo salami dada, jibini yenyewe haina shida." Nikamwambia mafuta yameshaingia, na kisu ni hicho hicho kimoja kilichokata vyote. Kimya kidogo, kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa: "Kwani wageni watajuaje?"

Watajuaje! Mpaka leo nikiikumbuka kauli hiyo mikono inanitetemeka. Mama mkwe wangu tangu niolewe hajawahi kuniuliza nyama yangu imetoka bucha gani. Anaketi, anapiga bismillahi, anakula, kwa sababu ananiamini. Sasa mtu anayeuza chakula cha kukirimia wageni ananishauri nimlishe mama wa watu kitu kilichoguswa na nguruwe, ninyamaze. Salami kuwekwa ningeweza kusema ni haraka za jikoni, oda zimechanganyika, binadamu tunapitiwa. Ushauri ule haukuwa haraka. Aliufikiria, akautamka.

Lakini haki yao niwape. Gouda ilikuja mbali na ubao, kipande kizima bado na nta yake, na ndiyo iliyoniokoa. Nilitoa sinia langu la mbao ya mninga, nikaipanga hapo pamoja na tende na vipande vya embe bolibo nililokuwa nalo. Korosho zao za Mtwara zilikuwa kwenye kichupa kilichofungwa, zimekaangwa siku hiyo hiyo, bado zinalia mdomoni. Asali ya Tabora nayo kwenye kichupa chake. Na gouda yenyewe, jamani! Imekomaa hadi ina zile chembe ndogo nyeupe zinazopasuka chini ya meno, utamu wake unakaribia sukari ya kuungua, chumvi inakuja mwishoni. Niliitoa kwenye friji kama nusu saa kabla. Wazungu husema saa nzima, ila kwa joto letu ukifanya hivyo inatoka jasho la mafuta. Mgeni wetu alikata kipande cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Mama mkwe, ambaye jibini kwake ni ile ya kupaka kwenye mkate, aliila na tende, akaniomba nimfungie kidogo aende nayo. Brie, cheddar na ya bluu nilimpelekea jirani ambaye nguruwe kwake si neno, akashukuru sana.

Kwa hiyo usiku ule niliandika nyota moja, asubuhi nikafuta, nikataka kuweka tatu. Mtu anayejua kuchagua gouda ya namna ile anaijua kazi yake, na kupata jibini iliyokomaa hivyo mjini hapa si rahisi. Nikasema labda yule dada ni mgeni kazini, labda mwenye duka hajui.

Nikamwandikia mwenye duka. Sikudai hela yote, nilidai ya zile jibini tatu tu, na neno la samahani. Akanijibu siku kadhaa baadaye: asilimia kumi ya punguzo kwa oda ijayo. Samahani hakuna. Tena nilipofungua ukurasa wao wa Instagram, nikaukuta ubao wangu, ua la nguruwe katikati, na maneno "mteja wetu mwingine mwenye furaha". Furaha ipi? Nimewaandikia waiondoe. Wamesoma, hawakujibu, picha bado ipo.

Nyota moja. Mkiitaka gouda, kaichukueni dukani wenyewe, kipande kizima chenye nta yake, mkakate nyumbani kwa kisu chenu.