TAHADHARI: Kigoma mjini kuna majiko ya kambi yanauzwa pamoja na makopo ya gesi yaliyochakachuliwa

Ndugu zangu wa Kigoma, na nyie mnaokuja kiangazi hiki kwenda hifadhi za Gombe na Mahale, someni hii kabla hamjanunua jiko la kubebea.

Kuna jamaa anauza majiko madogo ya gesi, yale ambayo kopo linalala ubavuni mwa jiko. Duka hana. Leo utamkuta pembeni ya soko la Mwanga, kesho kashuka Kibirizi kwenye boti, na matangazo yake yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Bei yake ni kama nusu ya dukani, na makopo anaongeza bure. Mimi kazi yangu ni kupikia watu kambini huku ziwani, na majiko yake yameshaletwa jikoni kwangu na wageni. Nayaandika niliyoyaona.

Mchezo uko hivi. Anawasha jiko la maonyesho lenye kopo zima, moto wa bluu, maji yanachemka mbele yako. Ukishalipa anakukabidhi boksi jingine lililofungwa kwa gundi, makopo yakiwa ndani. Hayo makopo ni ya kutumika mara moja na kutupwa. Yaliisha, yakaokotwa, yakajazwa tena kutoka kwenye mtungi wa nyumbani.

Hatari iko hapo. Kopo la namna hii limetengenezwa kwa ajili ya butani, gesi yenye presha ndogo. Gesi ya mtungi wa nyumbani ina propani ndani yake, na kwenye nyuzi joto 20 presha ya propani ni karibu mara nne ya ile ya butani. Mtungi ni chuma kinene, unaihimili. Kopo ni bati jembamba. Isitoshe, anayejaza kwa kukisia hajui aache nafasi kiasi gani juu ya gesi ili itanuke joto likipanda. Kopo halali lenyewe huandikwa lisipate joto la kupita nyuzi 50. Sasa fikiria hili la kwake limeachwa mchangani saa saba mchana.

Nililoshika mimi lilikuwa limekwaruzika mdomoni kama limebanwa kwa koleo, rangi imechubuka kuzunguka shingo, na kifuniko kilikuwa cha kopo la kampuni nyingine. Kitako, ambacho hutakiwa kibonyee kwa ndani, kilikuwa kimeanza kutuna. Nikapaka povu la sabuni mdomoni, mapovu yakaota hapohapo. Dalili hizo zinatosha, usisubiri harufu. Mzani nao husaidia: kopo likiandikwa gramu 220, hiyo ni gesi peke yake bila bati. Ukilipima pamoja na bati lake likasoma 220 tu au chini ya hapo, umeuziwa kopo pungufu.

Wanaonaswa sana ni wageni wanaokuja kwa ndege, kwa sababu makopo ya gesi hayaruhusiwi ndegeni. Wanashuka hapa mikono mitupu, boti ya Gombe inaondoka, wananunua cha kwanza wanachokiona. Na hapo kwenye boti ndipo roho yangu inaponiruka kabisa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inashuka na kutulia chini ya boti, kwenye maji machafu, hatua chache kutoka kwenye mashine. Cheche moja tu, na mko katikati ya Tanganyika.

Majiko yenyewe siyakubali pia. Jiko zuri la aina hii lina kifaa kinachoachia kopo presha ikizidi. Haya ya kwake niliyoyafungua hayana. Hata ukiwa na jiko halali, usiweke sufuria pana inayofunika sehemu ya kopo, wala usilizungushie bati kukinga upepo wa ziwani, maana joto linarudi kwenye kopo. Na usipikie ndani ya hema: moshi wa gesi usiouona wala kuunusa unaua mtu akiwa usingizini.

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa mwaka 2024, kila mtu anataka gesi, na ni jambo jema. Ila kwa kambi ya wavuvi au kundi la wanafunzi, mimi nachagua mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu. Ni mzito, lakini unasafiri kwa boti, hauubebi kichwani, na unabadilishwa kwa wakala anayejulikana. Anayepanda Mahale kwa miguu achukue jiko dogo la kopo la skrubu, na kopo alinunue dukani anakopewa risiti.

Kama umeshanunua kwake, toa makopo nje, kivulini, mbali na moto. Usiyatoboe, usiyatupe kwenye moto wa takataka. Tunza boksi na ujumbe wa malipo, uvipeleke polisi na uwape taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Moto ukitokea piga 114.

Nanyi manahodha wa Kibirizi, nawaomba sana: boksi la jiko lisipakiwe kabla halijafunguliwa na makopo kupakwa povu la sabuni, hata kama abiria atanuna.